Matabishi ndani ya Kifurushi

Kazi yangu ya sasa niliipata kwa sababu ya cheti cha shule ya jioni, na cheti hicho nilikipata nikiwa na mvi za kutosha kufumia kofia. Darasani kwetu kulikuwa na fundi viatu, mlinzi wa benki, akina mama wa sokoni na mchungaji mmoja aliyelala kuanzia salamu hadi kengele. Umeme ulikatika mara nyingi mno. Nadhani uhasibu nilijifunza kwa kupapasa. Lakini nilifaulu, na siku ya kupewa cheti mke wangu alipika kuku mkubwa hata majirani wa mtaa wa pili wakadhani tumechinja mbuni.

Cheti hicho ndicho kilichonifikisha kwenye jukwaa. Hapa Lubumbashi ukisema jukwaa watu hufikiria mkutano wa siasa, kwa hiyo nieleze. Ni duka lisilo na mlango. Mtu anafungua simu, anaona picha ya ndoo, ya godoro, ya unga wa mahindi, anabonyeza, na pikipiki inamletea mpaka nyumbani. Duka lenyewe, ukilitafuta kwa miguu, ni depo ya mabati huko Kampemba, kompyuta kadhaa, mizani ya umeme, na patroni wetu, yaani bosi mwenye mali, kijana mpole wa Kivu ya Kaskazini ambaye ukoo wake wote unafanya biashara ya jumla na malori. Patroni alikuwa na wazo alilolipenda kuliko chakula. Alitaka vitu vya kuuza visitoke mbali tu; vingine vitoke kwa watengenezaji wa hapa hapa mjini, moja kwa moja, bila mikono mingi katikati. Mimi nikawekwa niwe daraja kati ya pande hizo mbili. Daraja ni kitu cha kukanyagwa; hilo shule ya jioni haikunifundisha.

Ndivyo nilivyomfikia mama wa sabuni.

Alikuwa anachemsha sabuni kule Annexe, upande wa njia ya uwanja wa ndege wa Luano, mahali ambapo ndege hupita chini kiasi kwamba ukiinua ufagio unaweza kumkuna rubani unyayo. Ni mtu wa familia ya Maniema, Waislamu, watu wa biashara na ufundi toka mababu. Mwanamke wa makamo, sauti nzito, kitambaa amekifunga kichwani kwa namna ya kukuambia kwamba leo hakuna upuuzi. Alifanya kazi na wanawake wanne. Waliyeyusha mawese kwenye pipa lililokatwa, wakatia ile soda kali ya kugandishia sabuni inayoingia kutoka Zambia kwa mpaka wa Mokambo, wakakoroga, wakamimina kwenye fremu za mbao. Sabuni ikishaganda waliikata kwa waya kuwa miche, na kila mche ukapigwa muhuri wa ua dogo alilolichonga mwenyewe kwenye kipande cha mti.

Sasa, ukikata kwa waya, pembeni hubaki masalio. Hayo hakuyatupa. Aliyakusanya kwenye beseni, akachota kiasi, akakamua kwenye ngumi, na likatoka donge lenye alama za vidole vyake, kila kidole na bonde lake. Donge hilo ndilo lilikuwa matabishi. Kwa asiye wa kwetu: matabishi ni ile nyongeza ambayo muuzaji anakutilia juu ya ulichonunua. Mama wa maharage anakuongezea kiganja. Mama wa samaki wakavu anakutupia kimoja kidogo kinachokutazama kwa huzuni. Yeye alitoa donge la sabuni. Na hakutoa sawa kwa wote. Mjamzito alipata kubwa. Aliyefiwa alipata kubwa zaidi, na hakuambiwa neno. Aliyejua kutania alipata la kutaniana. Aliyekuja amenuna utadhani uso ameuazima, alipata miche yake na njia ya kurudia.

Nilipoenda kumshawishi aingie kwenye jukwaa alinikalisha kwenye benchi, akanisikiliza mpaka mwisho, na nilisema vizuri siku ile, nilisema mpaka kuku wa jirani walisogea kusikiliza. Kisha akauliza swali moja.

"Na miye, ule mutu anayenunua, nitamuonaje?"

"Hautamuona, Mama. Mashine njo inamuona."

"Basi mashine njo ikuye kupika sabuni."

Wale wanawake wanne walicheka na mimi nikacheka pamoja nao, maana ukichekwa Annexe ni heri uwe ndani ya kicheko kuliko nje. Lakini alikubali. Nadhani kilichomshika ni ule utabiri. Jukwaa letu linajua, kwa kutazama watu wanavyobonyeza, kwamba wiki ijayo watu wa mtaa wa Katuba wataishiwa sabuni na wa Ruashi bado wanayo. Nikamwambia kila Jumatatu nitamletea habari hiyo, achemshe kiasi kitakachotoka, asichemshe kwa kubahatisha. Alikuwa amechoka kukaa kwenye soko la Kenya, mtaa wa hapa mjini si ile nchi, jua likimkaanga huku sabuni ikingoja wateja. Basi, akaachia meza yake ya sokoni. Akamwachia muuza vitenge mmoja, na kila mtu anajua kwamba meza ya soko lile ukiiachia ni kama jino lililong'oka: ulimi unaenda pale kila siku, lakini jino halirudi.

Hilo lilinikaa kifuani. Tangu siku ile, ikiwa jukwaa litamtoa, hana pa kuuzia.

Mwanzo ulikuwa mtamu. Jumatatu nampigia simu, namwambia wiki hii watu watataka kiasi fulani, yeye ananidhihaki kwamba hata watu wa mvua hutabiri halafu tunalowa, lakini anachemsha kile kile nilichosema, na kinatoka chote. Hakuna sabuni iliyokaa ikapasuka kwa ukavu, hakuna mteja aliyengoja. Patroni alimtolea mfano mbele ya wafanyakazi wote. Alisema hivi ndivyo jukwaa na mtengenezaji wanavyopaswa kuishi, kama mapafu mawili. Mimi nilitembea mjini nikiwa nimenyooka hata shati langu likawa fupi.

Kisha nyota zikaanza kuanguka.

Mteja akishapokea kitu chake, huombwa atoe nyota na akipenda aandike neno. Patroni aliniita kwenye kompyuta, amekunja paji la uso. Sabuni ilikuwa imefika kwa wakati, miche kamili, hakuna uliovunjika, na bado watu walikuwa wanatoa nyota mbili, nyota moja, na hata nusu wangetoa kama mashine ingekubali. Tukasoma maneno yao. Mmoja aliandika kwamba sabuni iko muzuri, inatoa povu, lakini ule mama iko muchoyo. Mwingine aliandika kwamba alifungua kifurushi, akaking'uta, akakigeuza, akakichungulia, kisha akajua ameuziwa na mutu hana roho. Bibi mmoja wa Kamalondo aliandika kwa kirefu sana, karibu mahubiri, na kiini chake kilikuwa kwamba alikuwa akimjua yule mama toka sokoni, na utajiri umemharibu.

Patroni hakuelewa. Si kwamba hajui matabishi, nani hajui. Lakini alikulia kwenye maghala ya jumla, ambako gunia ni gunia, na aliyetaka nyongeza anunue gunia la pili. Kwake mteja wa simu alikuwa amekubali picha na bei, basi, yamekwisha.

Nilienda Annexe kumsomea. Nilijaribu kulainisha, lakini neno muchoyo halina ulaini. Aliacha kukoroga. Akakaa kwenye benchi, mikono magotini. Kisha akasema polepole kwamba marehemu baba yake angelisikia neno lile angefufuka, akazunguka soko zima kuomba radhi, akarudi kulala.

Wiki iliyofuata akaanza kutia madonge ndani ya vifurushi. Hakumwambia mtu, hata mimi.

Nyota zikapanda kama moshi. Watu waliandika baraka. Yule bibi wa Kamalondo aliandika kwamba utajiri haukumharibu hata kidogo, ni wao wateja waliosema uongo. Lakini kwenye depo kila kifurushi kinapita juu ya mizani ya umeme kabla ya kupandishwa pikipiki, na mizani inajua uzito wa miche iliyoagizwa. Kikizidi, taa nyekundu. Mashine yetu ilitengenezwa kwa ajili ya watu wanaopunguza na watu wanaotia kitu kingine mahali pa kingine. Haikuwahi kuwaza kwamba duniani kuna mtu anayeongeza kwa hiari. Kwayo, yule mama alikuwa mtu mwenye makosa kuliko watengenezaji wote. Depo iliwaka nyekundu asubuhi nzima, ungedhani tumefungua baa.

Na kanuni ilikuwa hivi: ukurasa wa mtengenezaji wenye taa nyekundu nyingi au nyota chache hufungwa na mashine yenyewe mwisho wa mwezi, isipokuwa patroni aizuie kwa mkono wake.

Patroni hakukasirika. Hukasirika mara chache, na akikasirika hunywa maji. Alileta suluhisho ambalo wakati ule lilionekana kwangu kuwa na akili kama ya maspika watatu wa bunge. Alisema tulitangaze lile donge. Tulipige picha, tuandike kwamba kila anayenunua miche kadhaa anapata donge moja bure, uzito huu, mashine ijue, taa isiwake. Mimi ndiye niliyeandika maneno. Niliyaandika kwa moyo wote, nililipamba donge lile hata nikaogopa watu watalila.

Mambo yakaharibika zaidi kuliko mwanzo. Mtu mmoja alilalamika kwamba donge lake ni dogo kuliko la kwenye picha. Mwingine akasema vidole vya kwenye picha vilikuwa vinne na vya kwake ni vitatu. Na wengi, wengi sana, waliuliza kitu kile kile kwa maneno tofauti: donge tumeliona, liko kwenye picha, tumeshalinunua pamoja na sabuni, sasa matabishi iko wapi? Wale wanawake wanne nao walikuwa sasa wanapima kila donge, wanakwangua hili, wanaongeza lile, lifikie uzito uliotangazwa, na kazi ikaenda kwa kuchechemea. Mama akanipigia simu mwenyewe.

"Musomi wa usiku," akasema, maana ndivyo alivyoniita siku za hasira, "mulichukua kitu yangu mukaifanya kodi."

Tukaondoa tangazo. Patroni, safari hii, akaamua njia fupi: hakuna donge tena, la kutangazwa wala la kufichwa, mpaka mwezi uishe tuone. Alisema kwa upole, lakini alisema. Nyota zikaanguka tena. Mwisho wa mwezi ulikuwa unakuja, na ukurasa wa mama ulikuwa umeshakuwa na ule mstari mwekundu wa onyo juu yake. Nilipoenda Annexe nilikuta pipa la mawese limejaa lakini soda imebaki kidogo tu kwenye ndoo. Hakuagiza nyingine. Mwenye soda wa Mokambo alikuwa anapiga simu na yeye hashiki. Aliniambia hawezi kuagiza soda ya kuchemshia sabuni ambayo hajui kama itakuwa na mlango wa kutokea. Wale wanawake walikuwa wanafagia uwanja uliokwisha kufagiwa.

Kesho yake alikuja depo. Hakuja na kelele. Alivaa kitenge kizuri, akasalimia kila mtu kuanzia mlinzi, akauliza habari za watoto wa watu ambao hakujua kama wana watoto, na akaingia kwa patroni. Patroni aliinuka, akampa kiti chake mwenyewe, akabaki amesimama. Mimi nilisimama mlangoni, mahali pa daraja.

Alichoomba kilinishangaza. Hakuomba aruhusiwe kutoa madonge. Aliomba kujua wateja. Alisema kwamba hata yale madonge aliyoyaficha yalikuwa yanamchoma roho, maana alikuwa anawapa wote sawa, kipofu akigawa. Hakujua nani amefiwa, nani ni mgeni kwenye sabuni yake, nani anarudi mara kwa mara kama mtoto wa nyumbani. Sisi tunajua. Tunakaa juu ya habari zote hizo kama kuku juu ya mayai ya mwenzake, na tunampelekea hesabu tu.

Patroni alichukua glasi ya maji. Nilijua kwa nini. Hofu ya kila mwenye jukwaa ni moja: mtengenezaji akiwajua wateja, kesho atawauzia mwenyewe, na jukwaa litabaki na mizani yake. Lilishatokea kwa muuza magodoro mmoja. Aliwapigia wateja wote simu akawaambia wapite kwake. Patroni akamweleza mama hivyo, bila kuficha, akimwita Mama kila baada ya maneno mawili.

Mama akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akatoa mche wa sabuni kwenye mkoba, akauweka mezani, ua likiwa juu.

"Muhuri iko yangu," akasema. "Ningetaka kukuibia batu yako, mwanangu, ningechonga namba ya telefone pa ile mahali ya maua. Kila nyumba yenye ulinipeleka, ningekuwa nilisha kuingia mpaka mu bafu. Nani angeona? Mizani yako?"

Patroni akautazama ule mche. Akaugeuza. Aliutazama muda mrefu kuliko mtu anavyotazama sabuni. Hakuna kati yetu aliyewahi kuwaza jambo lile, na nilimwona anahesabu kimya kimya miche yote iliyopita mikononi mwetu, kila mmoja na ua lake tu.

Akasema tujaribu, madonge yarudi, kwa siku zilizobaki za mwezi. Majina hapana, namba za simu hapana. Lakini mimi niwe nampelekea mama habari ndogo: kifurushi hiki kinaenda upande gani, mnunuzi ni mpya au wa kurudi, ameandika neno gani. Na waendesha pikipiki wakiona jambo mlangoni, waniambie. Taa nyekundu za vifurushi vya mama atazizima patroni mwenyewe kwa mkono, moja moja. Mwisho wa mwezi ataamua kama azuie mashine au aiache ifunge. Hakuahidi zaidi ya hapo, na mama hakumsukuma. Soda ilikuwa imebaki kidogo kwenye ndoo. Alisema itatosha kwa jaribio.

Sijawahi kufanya kazi nikaifurahia kama siku zile. Asubuhi nilikaa na simu, namsomea. Katuba, wa kurudi, ameandika kwamba watoto wanamaliza sabuni kana kwamba wanailamba. Ruashi, mpya, hakuandika kitu, lakini mwenye pikipiki anasema nje kulikuwa na viti vya matanga. Kampemba, wa kurudi, ameandika utani kwamba mumewe sasa ananukia vizuri kiasi kwamba inabidi amfuate kazini. Upande wa pili nasikia mama anacheka, anatafsiri kwa wale wanawake, nasikia ngumi inakamua. Hakuniambia nani kapata nini. Nilipouliza alinijibu kwamba hiyo haiko kazi ya daraja.

Siku moja kwenye habari zangu kulikuwa na nyumba ya mtaa wa Golf. Mnunuzi mpya. Hakuandika neno wala salamu. Mwenye pikipiki aliniambia kifurushi kilipokelewa na mlinzi wa geti, tena geti lile ni refu hata yeye alidhani amefika gerezani. Nikamsomea mama kama nilivyomsomea nyingine.

"Huyu iko kimya," akasema. "Tumuheshimie kimya yake."

Sikuwaza zaidi.

Baada ya hapo, mwezi ukiwa unakaribia kufunga mlango, patroni aliniita ofisini. Juu ya meza kulikuwa na kifurushi cha sabuni kilichofunguliwa, karatasi imekunjuliwa vizuri pembe zote nne. Hakunikaribisha kukaa. Akaniambia niangalie nimwambie kinakosekana nini.

Niliangalia. Nilihesabu miche, nikatazama mihuri, nikanusa, nikainua karatasi. Nilikagua kifurushi kile kama forodha nzima ya Kasumbalesa.

"Hakuna kinachokosekana, Shefu."

"Mizani pia inasema vile. Ilipita kijani." Akakaa. "Niliagiza kwa telefone ya madame ya ku nyumba. Nilitaka nione mwenyewe hii kitu tunafanya. Tukafungua pamoja pa meza. Madame akauliza, na yetu iko wapi? Nikamuambia hakuna ya kwetu, tulilipa sabuni, sabuni njo hii. Akasema basi ule mama iko muchoyo, wiki ijayo atanunua ku soko."

Nilitazama dari. Dari ya mabati haina mengi ya kutazama.

"Na miye," akasema, "nilisikia mubaya."

Alilisema hilo akiwa ameelekea dirishani, ambako mizani ilionekana ikiwaka kijani, kijani, kijani. Mtu mwenye depo, mwenye pikipiki, mwenye ghala la ukoo linaloweza kulisha Katanga nzima pamoja na wanyama wake, alikuwa ameumia kwa kukosa donge la masalio ya sabuni linalotoshea kiganjani. Akaniuliza nilimwambia nini yule mama kuhusu nyumba yake ya mtaa wa Golf. Sikuwa na pa kupita, nikamwambia. Mpya. Hakuandika salamu. Geti refu. Nikamwambia na jibu la mama pia, kuhusu kimya na heshima yake.

Nilingoja anywe maji. Badala yake mabega yakaanza kumtikisika, taratibu, na ikachukua muda kabla sijaelewa kwamba anacheka. Alicheka peke yake kwanza, kisha akaniruhusu na mimi.

Halafu akavuta kompyuta. Alifungua ukurasa wa mama, akauzuia usifungwe, na akamwita fundi wa mashine. Akamwambia vifurushi vya mama yule vipewe nafasi ya kuzidi uzito bila taa, na kwamba nafasi hiyo isionekane popote kwa mteja, wala isiandikwe ni ya nini. Fundi, ambaye amesoma mchana na kwa hiyo anapenda kila kitu kiwe na jina, akauliza aiandikeje kwenye mfumo. Patroni akafikiri. Akasema aandike karatasi ya kufungia. Tangu siku hiyo, kwa mujibu wa kompyuta yetu, hakuna mtengenezaji mjini anayefunga bidhaa zake kwa karatasi nzito kama yeye. Habari za wateja nazo zikawa za kudumu, kila asubuhi, bila majina. Na kabla sijatoka patroni alichukua simu ya ofisini, akaingia kwenye jukwaa letu kama mteja yeyote, akaagiza sabuni tena. Pale mahali pa kuandika neno alikaa muda. Sikuona alichoandika, lakini kilikuwa kirefu.

Nilipanda pikipiki mpaka Annexe nikiwa na habari kubwa hata nilihisi gurudumu la nyuma linalemewa. Mama alikuwa ameketi anakwangua fremu kwa kisu. Ndoo ya soda ilikuwa imelala ubavu, tupu. Nikamwambia yote: ukurasa unabaki, taa hazitawaka, habari za asubuhi zitaendelea. Nikaongeza na karatasi ya kufungia. Wanawake wawili wakapiga makofi kidogo, mmoja akakaa chini. Yeye hakuruka wala kushangilia. Aliuliza tu ile nyumba ya kimya ilikuwa ya nani, nikamwambia majina hatutoi, akanitazama, akatabasamu upande mmoja wa mdomo. Nadhani alishajua.

Akaosha mikono. Akafuta vizuri, kidole kwa kidole, akachukua simu yake na kumpigia yule mwenye soda wa Mokambo, mtu ambaye yeye alikuwa amekwepa simu zake muda wote ule. Alimsalimia kwa kirefu, akaulizia hali ya mkewe, akaulizia mguu wake ulioumia, kisha akamtajia magunia anayotaka, na lori liyapakie kesho. Nilisikia sauti ya yule bwana ikilalamika kutoka mbali kwamba alidhani amefiwa na mteja. Akamwacha alalamike mpaka aishe.

"Na juu yake utaniwekea nini?" akamuuliza. Yule bwana akaanza kujibu, na mama akamkata. "Hapana, usiniambie. Ukisha kuniambia, haiko tena matabishi."

Akazima simu. Akaniambia niinuke kwenye benchi, wanalihitaji kuwekea fremu.